Nambari 614

Baba alikuwa na kipande cha shaba, duara,
kimetobolewa juu, kimechongwa 614.
Kabla ya kushuka mgodini Kilembe
alikivua shingoni, akakitundika ubaoni;
akirudi juu, akakitwaa.
Jioni, karani akiona kipande kimebaki,
hakuuliza jina. Aliitisha taa, akaitisha kamba.

Siku hizi baba amefungwa saa nyeusi mkononi,
ya plastiki, nyepesi kama ganda la kahawa,
na nambari nazisoma mimi:
sitini na nane. Sabini na moja. Hamsini na tisa alipolala.
Zinanifikia Ndeeba, kwenye kiwanda cha mikate,
simu imeegemea gunia la unga,
nami nakanda, nasoma, nakanda.

Lakini huchelewa.
Nyumbani, mlimani, mtandao unashika mahali pamoja tu,
penye kichanja cha kuanikia kahawa,
na baba hafiki hapo mpaka umande ukauke.
Basi moyo wake wa usiku naupokea saa nne asubuhi
nikivua aproni,
kama barua.
Ungesimama saa tisa usiku,
ningekanda mpaka kukuche
nikidhani nina baba.

Sista Ithungu alimwambia, "Mzee Thembo, usiivue."
Akaitikia.
Mchimbaji hukubali kila kitu
akiwa juu ya ardhi.

Jumanne moja, nikiwa zamu ya mchana:
sabini. Mia na ishirini na mbili. Themanini na nane.
Hamsini na nne. Mia na arobaini na tano.
Trei ya kwanza iliungua, ya pili sikuiona.
Sista naye alikuwa ameshapiga simu:
"Mbambu, baba yako ana mioyo mingapi?"
Mmoja, nikasema, na huo wenyewe unaumwa.

Kumbe ilikuwa siku ya gulio.
Alikuwa ameketi dukani kwa Masereka
akiipitisha saa mkono kwa mkono:
mwenye duka, fundi baiskeli,
kijana aliyetoka kupandisha mkungu wa ndizi,
bibi mmoja aliyetaka kujua kama bado anapenda.
"Na wao wana mioyo," baba aliniambia, bila haya.
"Nani anawapima?"

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.
Ile mia na arobaini na tano
ilikuwa ya Kabugho anayeuza samaki wa Katwe.
Walimkalisha, wakampa maji, wakamsubiri.
Mia na thelathini na nane.
Sasa ana kadi yake ya kliniki, na vidonge,
na hamsemeshi baba, kwa kuwa vidonge havinunuliwi kwa samaki.

Moyo wa mtu ni msitu, wanasema.
Mimi wa baba naujua vijia vyake vyote:
wapi hupanda akipita kwa Baluku anayemdai,
wapi hutulia, nadhani ni kaburini kwa mama,
kila Jumapili, dakika ishirini.
Hajaniambia kwamba huenda.
Sijamwambia kwamba najua.

Kisichozoeleka ni saa kumi na moja jioni.
Betri huisha. Baba huteremka dukani,
hulipa shilingi mia tano,
na Masereka huitundika saa msumarini kwa waya wake
katikati ya simu za watu.
Kwenye kioo changu mstari unakatika, weupe mtupu.
Najua sababu. Ni umeme tu, najiambia,
ni msumari tu, na saa inaning'inia,
na mwenyewe hayupo ndani yake.

Mama jioni hakuwasha jiko
mpaka asikie buti mlangoni.
Tulidhani anabana mkaa.

Saa moja na dakika tatu.
Sitini na nne.
Ameitwaa.
Natia chumvi kwenye unga.